Aliyeingia majini kwanza hakuwa rafiki yake

Swali lenu la wiki hii, kama mwenzako wa mazoezi ya kila asubuhi anaweza kuitwa rafiki wa kweli, limenigusa pabaya. Jibu lililonijia mara moja ni la, na ninaanza kuandika nikiwa upande huo.

Sisi huogelea ziwani kila siku, hapa Kisumu upande wa Dunga, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jua likichomoza. Tuna mwalimu mstaafu, dada mwenye duka la vyombo, muuguzi, vijana wa bodaboda, na mimi fundi wa nguo. Miaka imepita tukiwa pamoja majini na bado sijui nusu yao wanakaa wapi. Mtu akifiwa, tunasikia wiki ikiwa imeisha. Kwetu huku rafiki ni yule anayelala matangani kwako, anayejua mama yako alizikwa boma gani. Mnayesalimiana mkiwa mmelowa, kisha kila mtu akapanda pikipiki yake, huyo ni mwenzako wa maji tu.

Wifi yangu wa Mombasa hakubaliani nami. Yeye na wenzake huogelea baharini, Nyali, na kwao saa haikai mahali pamoja. Maji yakipwa, ndani ya miamba hapaogeleki, basi hufuata kujaa, na kujaa kwenyewe huchelewa kama dakika 50 kila siku. Lazima wapigiane simu jioni kupatana saa ya kesho, na ni kwenye simu hizo mtu husema mtoto ana homa au mwenye nyumba kapandisha kodi. Sisi ziwa halitupangii saa namna hiyo. Saa ni ile ile, kwa hivyo hakuna anayempigia mwenzake.

Ziwa lina mambo yake mengine. Viboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudi majini kukikaribia kucha, kwa hiyo hatuingii kabla ya kuwauliza wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaorudi na taa zao wameona nini njiani. Kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena ukifungwa, boti huwa chache na tunangoja zaidi. Tunaingilia penye maji wazi, mbali na matete wanakokaa konokono wa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua likiwa kali, lakini asubuhi pia si kinga, na muuguzi wetu hachoki kutuhimiza tukapimwe na kumeza dawa yake, praziquantel. Halafu kuna gugumaji, na hapo ndipo kilipotokea kisa kinachonifanya niandike.

Kila mmoja wetu ana jiwe lake pale ufukweni la kuwekea nguo. Tukitoka tunaangalia mawe: jiwe lenye nguo, mwenyewe bado yuko majini. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu ukasukuma gugumaji ndani, na ule wa ziwani huja baadaye mchana. Siku hiyo uligeuka mapema, sisi tukiwa bado tunaogelea. Gugumaji likaja pana kama uwanja wa mpira, likajitanda katikati. Tukatoka mmoja mmoja tukijibandua mizizi miguuni, tukaanza kumimina chai.

Muuguzi ndiye aliyeona. Kwenye jiwe la mwalimu kulikuwa na akala zake zimepangwa sambamba, shati limekunjwa vizuri, miwani iko ndani ya kofia. Mwalimu hayupo.

Mjue kwamba mwalimu na yule dada mwenye duka hawakuwa wakielewana. Walikosana kwa ajili ya pesa za chama cha kuchangishana kilichovunjika, na kila mmoja husema mwenziwe ndiye aliyezila. Kwa muda mrefu maneno yao yalikuwa "habari" na "nzuri", na jiwe lake dada alilihamishia upande wa mbali. Asubuhi hiyo alikuwa amekwisha vaa, amejifunga leso, anatafuta funguo za duka. Sisi tukiwa bado tunaita, yeye alishaitupa leso chini akaingia na gauni lake. Alifuata ukingo wa gugumaji akipaza sauti na kumwita mzee kwa Kijaluo, "Mwalimu! Jaduong', itika!" Vijana wakamfuata, wengine wakakimbilia boti. Mimi nilibaki nimeshika ile miwani, wala sijui niliichukua saa ngapi.

Mwalimu alikuwa nyuma ya gugumaji. Msuli wa mguu ulimkaza, akajilaza chali akaelea kama tunavyofundishana, mpaka mvuvi mmoja akamsikia na kumpandisha. Boti haikuweza kupenya, ikawa inazunguka polepole. Dada aliikuta huko, akaishika ubavuni, akaja nayo hadi ufukweni.

"Mwalimu, umetutisha."

"Pole, mama."

Hawakusema zaidi ya hapo. Alikamua gauni, akaokota leso, akaenda kufungua duka. Hadi leo hawajapatana, na zile pesa hakuna aliyezitaja.

Nimekaa na jambo hili nikiandika. Rafiki yangu wa tangu shule yuko Nakuru, na tunaongea Jumapili. Nikipotea Jumatatu alfajiri, yeye atajua lini? Hawa wa maji watajua kabla ya saa moja.

Basi niwekeni upande wa ndiyo, ila kwa masharti. Nasema juu ya maji, mahali ambapo mtu anaweza asirudi. Wanaokimbia barabarani wajisemee wenyewe. Wala sisemi uwakopeshe pesa wala uwape siri za nyumba yako. Na bado ninaudhika kwamba tunazikiana kwa kuchelewa. Ndiyo maana sasa nimeanzisha daftari la namba za simu na mahali kila mmoja anapokaa. Wote wamejiandikisha isipokuwa yule dada mwenye duka, na sijamsukuma.