Mama Amepungua Kasi: Presha, Umri na Mishipa Midogo ya Ubongo

SWALI: Shikamooni madaktari. Mama yangu ana miaka 71, tunaishi Majengo, Moshi. Ana presha ya siku nyingi, ila dawa anakunywa kichwa kikimuuma tu. Siku hizi anatembea kwa hatua fupi fupi, na ukimuuliza jambo anachelewa kujibu, ingawa majina ya watu anayakumbuka vizuri. Alipigwa picha ya ubongo, tukaambiwa mishipa midogo imechoka. Kuna duka linauza vidonge vya kusafisha mishipa ya ubongo. Tununue?

JIBU: Marahaba binti. Msinunue. Kwenye mishipa hii midogo, tatizo kubwa si uchafu wa kusafishwa. Kinachougua ni ukuta wa mshipa wenyewe.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni, na akiba yake ya sukari ni ndogo mno. Sehemu yoyote ikianza kazi lazima iletewe damu papo hapo. Kapilari zake, yaani mishipa midogo kuliko yote, ni nyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita moja moja. Seli za ukuta wake wa ndani zina kazi nyingi: huvusha glukosi kuingia ubongoni, huzuia visivyotakiwa, na hutengeneza gesi ya naitriki oksaidi inayolegeza misuli ya vijishipa ili damu iongezeke.

Umri unapokwenda, mitokondria za seli hizo, yaani vijiwanda vya nguvu vilivyo ndani ya seli, huchakaa na kuvujisha kemikali kali za oksijeni. Kemikali hizo huimeza ile gesi kabla haijafika kwenye misuli. Baya zaidi, huvuruga hata kimeng'enya kinachoitengeneza, nacho kikaanza kutoa kemikali kali zilezile. Utando unaozunguka kapilari hunenepa, na baadhi ya kapilari hupotea kabisa. Ubongo ukiomba damu, inachelewa. Zinazoumia mapema ni nyuzi za ndani zinazounganisha sehemu za ubongo, kwa kuwa zinalishwa na vijishipa virefu, vyembamba, visivyo na njia mbadala. Ndiyo maana majina yapo, ila hatua na majibu vimekuwa vya polepole.

Presha ndiyo inayoharakisha uharibifu huu, na kwa kawaida haiumi. Anayesubiri kichwa kiume ndipo anywe dawa anauacha ukuta ukipigwa siku zote nyingine. Mama anywe kila siku, saa ileile, hata akijisikia mzima.

Mpimeni nyumbani, lakini kwa utaratibu, maana vipimo vingi vya nyumbani vinadanganya. Asiwe amekunywa kahawa ndani ya dakika 30, na awe ametoka haja ndogo. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, miguu haikupishana. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya sweta (baridi ya Juni isiwashawishi), na mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Mkono ukining'inia, namba hupanda bure. Pimeni mara 2, mkiacha dakika 1 katikati, asubuhi na jioni, kwa siku 7, mkiandika kila kipimo. Wastani ukifika 135/85 au zaidi, rudini kliniki na daftari hilo.

Kisha mpimeni akiwa amesimama, ndani ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mwambieni daktari kabla dozi haijaongezwa. Mishipa iliyozoea presha kubwa haivumilii kushushwa ghafla. Mzee huona kizunguzungu na kuanguka.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, gramu 5. Na magadi ya kuivishia maharage au kiburu yahesabiwe humo, kwa sababu nayo yana sodiamu, kama chumvi. Tunaona wengi wameacha chumvi mezani, magadi yamebaki jikoni.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepita.

SWALI: Nina miaka 58, niko Sakina, Arusha. Nasikia vidonge vya kuongeza NAD vinarudisha ujana wa mishipa ya ubongo. Ni kweli?

JIBU: Kwa panya wazee, ndiyo. NAD husaidia seli kugeuza sukari kuwa nguvu, na ilipoongezwa, mishipa yao iliitikia ubongo vizuri zaidi. Kwa binadamu hakuna ushahidi kwamba inazuia kusahau. Ushahidi mzuri upo kwenye presha: utafiti wa SPRINT wa Marekani, matokeo ya 2019, ulionyesha kwamba kati ya waliolenga namba ya juu chini ya 120, waliopatwa na tatizo dogo la kumbukumbu na kufikiri walikuwa wachache kuliko kati ya waliolenga chini ya 140. Lengo lako apange daktari. Pesa ya vidonge ipimie sukari, acha sigara kama unavuta, na tembea kwa kasi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Damu ikienda kwa nguvu hiyo, msuguano wake ndio unaoziamsha seli za ukuta kutengeneza naitriki oksaidi.