Tenda ya kaunti imetupita bila sababu

SWALI: Kikundi chetu cha vijana Kayole, Nairobi, kiliomba tenda ya usafi wa soko. Barua pepe imekuja Ijumaa: “hamkufaulu”, basi. Tufanye nini? Au tungoje mhasibu wa manunuzi atujibu?

JIBU: Msingoje. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inawapa siku 14 tangu kuarifiwa kupeleka ombi la mapitio kwa Bodi ya Mapitio, inayosikiliza malalamiko ya tenda, na wikendi zimo. Leo hii andikeni kwa afisa msimamizi (“accounting officer” wa ofisi iliyotangaza tenda) mkitaka sababu, kwa kuwa kifungu cha 87 kinamlazimu kuzieleza. Lakini barua hiyo haisimamishi saa. Wengi hunaswa hapo, wakiambiwa “njoo kesho” hadi siku zikaisha. Ombi likishapokelewa na Bodi, kandarasi haisainiwi, na uamuzi hutolewa ndani ya siku 21. Hifadhini barua pepe yenyewe, maana ndiyo inayoonyesha tarehe.

Kwanza kagueni nakala yenu ya maombi ya tenda. Kurasa zina nambari mfululizo, hata za viambatisho? Kosa hilo dogo huangusha wengi. Kama tenda ilitengewa vijana, mlitakiwa fomu ya tamko la dhamana tu (ahadi mnayoitia saini wenyewe), si dhamana ya benki. Kama kasoro ilikuwa kwenye masharti yenyewe, siku 14 huhesabiwa tangu mlipoiona, si tangu matokeo.