Joto la gesi kupanda ukingoni mwa Abell 1795

Ndugu, umeuliza kwa nini joto la gesi ya Abell 1795, lile kundi la galaksi, kwenye data za Chandra (darubini ya eksirei iliyo angani) linapanda ukingoni badala ya kushuka. Nadhani mandharinyuma, yaani ishara isiyotoka kwenye kundi lenyewe, umeiondoa pungufu. Ukingoni gesi ni hafifu mno. Chembe zinazogonga kigunduzi huacha ziada kwenye nishati za juu, na modeli huisoma kama gesi ya moto zaidi.

Ondoa kwanza milipuko ya ghafla ya mandharinyuma. Chora mwanga dhidi ya muda kwa vipande vya sekunde 260 hivi, ukate kila kinachoachana na wastani kwa zaidi ya 20%. Kisha rekebisha faili la anga tupu (data za sehemu za anga zisizo na kundi, unazotumia kama mandharinyuma) kwa hesabu za nishati za 9.5–12 keV, si kwa muda wa uangalizi, tafadhali! Kwenye nishati hizo vioo vya darubini karibu havikusanyi eksirei yoyote, kwa hiyo unachohesabu ni chembe peke yake.