Re: Torishiki, Tokyo, inastahili usumbufu?

Mkuu, umeuliza kama mishikaki ya kuku pale Torishiki, Meguro, inastahili usumbufu wa kutafuta nafasi. Kwangu, ndiyo. Menyu sahau, mpishi anachagua mwenyewe, anakuletea mmoja mmoja hadi useme basi. Makaa ni binchotan, ya mwaloni, moto mkali na moshi kiduchu.

Ukibahatika kuletewa chochin, usikatae: ni kiini cha yai ambalo kuku hajalitaga, kinaning'inia mwisho wa kijiti kama taa. Kitie mdomoni kizima, kipasuke humo humo. Ukwaju na pilipili za mishikaki ya kwetu usiulizie, ni chumvi au tare, mchuzi mzito wa soya. Na nyama ule kijitini, usiichomoe ukaijaza sahanini.