Futa hicho kiungo kwanza, Mwalimu

Mwalimu wa Katuba, kabla ya jingine lolote, futa hicho kiungo. Umeandika hapo juu kwamba jioni hii unafungua kundi la WhatsApp la wanafunzi wako 58 wa mwaka wa 7, na kiungo utakibandika Facebook "ili kila mtu aingie kirahisi". Kila mtu ataingia kweli, bana. Kwangu waliingia watu ambao hata ukuta wa shule yetu hawajawahi kuuona.

Nafundisha kemia hapa hapa Lubumbashi. Mwaka 2022 nilikuwa na wafinalisti, wale wa mwaka wa mwisho, mtihani wa taifa unanukia. Tulikuwa tumetoka kwenye semina ambako mkufunzi mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linakata, alituambia mwalimu asiye na kundi mtandaoni amebaki zama za ukoloni. Tukapiga makofi. Tukala kuku wake, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukaenda. Hakutuambia kwamba mwenye kiungo anaweza kumpa yeyote, na huyo naye akampa mwingine. Hakutuambia kwamba namba ya kila aliyemo inaonekana na wenzake wote. Saa tatu nzima za projekta, na hayo mawili hayakupata hata dakika! Nikimkuta leo barabarani nitamsalimia vizuri, halafu nitamdai.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa tamu, sikatai. Nilikuwa admin, cheo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupewa, na hakina mshahara kama vingine. Watoto wanatuma picha za daftari, mimi natuma sauti za kueleza. Kisha akaingia mtu mwenye picha ya kofia ya mahafali. Nikamwona, nikadhani ni kaka wa mwanafunzi fulani. Pale kundini hakuandika hata neno moja. Alichukua namba, akawafuata watoto mmoja mmoja pembeni: ana maitemu, yaani maswali ya mtihani, ya kemia na ya fizikia, dola 10, zitumwe kwa simu. Waliosita aliwaambia, "Mwalimu wenu anajua, si mmeona niko naye kundini?"

Watoto 14 walilipa. Walichopata ni picha za maswali ya mwaka mwingine, juu pamekatwa ili tarehe isionekane. Na dola 10 siyo hasara kubwa. Hasara ni kwamba waliacha kusoma. Wiki tatu za mwisho walikariri herufi tu, swali la 1 ni B, la 2 ni D, mimi nikishangaa darasani kwa nini hakuna anayeuliza kitu. Siku ya mtihani waliona maswali mengine kabisa.

Jumapili moja wazazi wakaja kwangu. Bukari iko mezani, sombe inapoa. Mama mmoja anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, hakupiga hata kelele. Aliniambia, "Mwalimu, nilitoa pesa ya makala ya wiki nzima. Mtoto alisema ni kitu cha Mwalimu, nikatoa." Mpaka leo sina jibu la kumpa. Prefe, mkuu wetu wa shule, naye akasema hakuwahi kuruhusu kundi lolote, wakati yeye mwenyewe alikuwemo, kila asubuhi anatuma picha ya maua na "siku njema". Nililipa dola 70, nusu ya deni, kwa miezi mitatu. Wasichana wawili ilibidi wabadilishe namba, kwa sababu yule wa kofia hakuishia kwenye maitemu tu. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Utaniambia siku hizi admin anaweza kumkubali kwanza kila anayeomba kuingia. Utaniambia kuna chaneli, wafuasi hawaonani namba. Ni kweli yote. Lakini simu ni ya nani? Ya mama, na mama yuko nayo soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, mpaka jioni. Na wako ni wa mwaka wa 7, wengine hawajatimiza hata ile miaka 13 ambayo WhatsApp wenyewe wanadai.

Mtandao uje darasani, mwanafunzi asipelekwe mtandaoni. Basi. Wewe ndiye uingie huko, uchimbe, ushushe video kwa mega zako (ndiyo, zinauma), uweke kwenye kadi, ulete.

Mwaka jana nilileta video ya kupitisha umeme kwenye maji ya sulfati ya shaba, chumvi ya shaba iliyoyeyushwa. Sisi ni mji wa shaba, watoto wanakua wakitazama lile bomba la moshi la kiwanda cha shaba na mlima wake mweusi wa masazo, na hakuna aliyewahi kuona shaba ikijitenga na maji. Maabara hatuna. Niliwaonyesha kwenye kompyuta, kumi kumi, mbio mbio kabla umeme haujakatika. Kijana wa kwenye video anaongea kwa kujiamini, watu wamempongeza kweli kweli, na anasema shaba hukusanyika kwenye anodi, yaani upande chanya. Uongo. Sikuwaambia. Niliwauliza tu kama wanamwamini.

Darasa likagawanyika. Mmoja akasema si tujaribu wenyewe? Tukavunja betri kuukuu za redio, tukatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni, tukavichovya kwenye maji ya sulfati ya shaba, tukaviunga na betri nzima. Kijiti cha upande hasi kikavaa wekundu wa kahawia, yaani kwenye katodi, na kile kingine kikatoa vipovu tu. Video mbovu ya dakika nne ilitupa saa mbili za kemia, na hakuna mtu wa kofia aliyepata namba ya mtoto yeyote.

Uliuliza pia kama TikTok inafaa kuliko Facebook, na namna ya kutoa alama kwa kazi zinazotumwa kwa simu. Na kulikuwa na la tatu, limenitoka, lazima nipande juu nikasome tena. Tutayaongea. Kiungo umeshakifuta?