Besi wa Naivasha hataki dawa, anataka chubwi jepesi

SWALI: Navua samaki aina ya besi Ziwa Naivasha kwa chambo bandia cha plastiki laini, chenye umbo la mnyoo au la kamba wa majini. Mshipi wangu ni nailoni inayohimili uzito wa pauni 20, na chubwi, kile kizito cha kuzamishia chambo, ni la gramu 15. Nahisi samaki wakigonga, lakini wanagusa tu na kuachia. Muuzaji mmoja ameniambia plastiki haina harufu, kwa hiyo nipake dawa ya kuvutia samaki, na nimeshanunua chupa moja. Nipake kiasi gani? Na je, kuna dawa kali zaidi ya hii? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Chupa hiyo iweke kando kwanza, ndugu yangu. Malalamiko ya "wanagusa na kuachia" naletewa kila mara, na karibu kila anayeyaleta ameshauziwa kitu cha kupaka.

Besi hana mkono wa kugusia. Akitaka kujua kitu ni nini, hukitia mdomoni. Hufungua ule mdomo wake mpana ghafla na kutanua mashavu, maji yakakimbilia ndani, na kilichomo katika maji hayo kikaingia nayo. Akikiona kigumu au kinamvuta, hukitema papo hapo. Basi mengi kati ya hayo unayoita kuguswa yalikuwa samaki aliyekwisha kuweka chambo chako mdomoni, au aliyejaribu kukiweka kikakataa kuingia. Harufu ya plastiki haikumfukuza. Alikuja mwenyewe, akafungua mdomo, nawe ukamkosa.

Ukamkosa kwa nini? Kwa sababu ya gramu 15. Samaki anavuta maji, maji yanaingia, chambo kinabaki nyuma kikiwa kimezuiwa na uzito. Mshipi nao unaongeza tabu. Nailoni ya pauni 20 ina unene wa takribani milimita 0.45, ni kakamavu, hubaki na mikunjo ya rili (kile kigurudumu kinachozungushiwa mshipi), na upepo wa alasiri wa Naivasha huujaza kama tanga. Mdundo unapofika kwenye kidole chako, samaki ameshatema na kwenda zake.

Shuka hadi pauni 6 au 8, ambayo ni kama milimita 0.25. Chubwi liwe la gramu 2 hadi 4, na mnyoo wa sentimita 7 hadi 10 unatosha kabisa. Ndoano iwe ya waya mwembamba na kali, kwa sababu mshipi mwembamba haukuruhusu kumpiga samaki kwa nguvu zako zote. Ukihisi uzito, zungusha rili mpaka mshipi ukazike, kisha inua fimbo taratibu. Wanaovuta kama wanang'oa mhogo ndio wanaokata mshipi na kisha kusema mshipi mwembamba haufai.

Mahali penye maji wazi, funga kwa mtindo wa dropshoti: chubwi liwe mwisho kabisa wa mshipi na ndoano sentimita 30 hivi juu yake. Hapo chambo kinaelea huru, na samaki akikivuta hakutani na uzito moja kwa moja. Kando ya mafunjo na magugu maji tumia mtindo wa Texas. Chubwi lenye tundu linateleza juu ya mshipi, na ncha ya ndoano imefichwa ndani ya plastiki ili isinase. Lakini hapo kwenye mafunjo usiende na pauni 6. Besi mkubwa atauzungusha mshipi kwenye mashina na kuukata. Weka pauni 10 au 12, na uvulie ndani ya boti. Alfajiri viboko hurudi ziwani kupitia mafunjo hayohayo, na hakuna samaki anayestahili kukusimamisha katika njia yao.

Baada ya hayo, tulia. Besi aliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, na yule kamba mwekundu wa Louisiana akaletwa mwaka 1970, kwa hiyo besi wa hapo anamjua kamba vizuri kama chakula chake. Kamba hutambaa kidogo, husimama, akishtuka huruka kinyumenyume, kisha husimama tena. Chambo chako cha umbo la kamba kinapaswa kukaa chini kimya kwa muda mrefu kuliko unavyovumilia. Tikisa ncha ya fimbo bila kulisogeza chubwi. Wengi hawawezi kungoja hata sekunde kumi. Wanakivuta chambo kama kinakimbia polisi, halafu wanakwenda kutafuta dawa.

Kuhusu dawa yenyewe, ukweli uko hivi. Watengenezaji wengi huchanganya chumvi ndani ya plastiki tangu kiwandani, na ladha inaweza kumfanya samaki akishikilie chambo kitambo kidogo zaidi kabla ya kukitema. Hapo ndipo faida inapokomea. Besi huwinda zaidi kwa macho, na kwa ule mstari wa ubavuni unaohisi mtikisiko wa maji. Maji yakichafuka baada ya mvua, Mto Malewa ukileta tope, badilisha rangi uchukue nyeusi au kahawia iliyokolea, au sogea upande wenye maji safi zaidi. Hakuna chupa itakayomwita besi kutoka ng'ambo ya ziwa, na anayekwambia ipo anakuibia.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba chupa nyingi za namna hiyo hazina maandishi yoyote. Nyingine zinanuka mafuta ya taa au kiyeyushi cha rangi. Plastiki hii imelainishwa kwa mafuta maalumu, hivyo viyeyushi huivimbisha na kuiharibu, na chambo ulichokinunua kwa bei ghali kinageuka uji ndani ya boksi. Hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba unakipeleka mdomoni mwa samaki atakayeliwa nyumbani kwako kitu usichokijua, na sasa unaniuliza kama kuna kikali zaidi. Ukali huo unatokana na nini? Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania kwa hofu ya dawa za kuulia wadudu, kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa wakimwaga sumu majini ili wavue haraka. Wavuvi waliokuwa wakivua kwa halali walilipia pamoja na waliomwaga. Sisemi chupa yako ni sumu ya namna hiyo. Nasema wewe huna njia ya kujua, na aliyekuuzia huenda naye hajui.

Kama haina jina la mtengenezaji wala orodha ya viambato, usiifungue ziwani na usiimwage mtaroni. Irudishe kwa aliyekuuzia, umdai pesa zako, nazo zinunulie mshipi wa pauni 6 na machubwi madogo. Chambo kikichanika, rudi nacho nyumbani, kwa sababu samaki huvimeza vipande hivyo na tumbo lake haliwezi kuvisaga.