Barua kwa Mwanangu: Mchezaji Mkongwe na Msimu Mbaya

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniuliza ilikuwaje nikatangaza, Mei 2024, kwamba Casemiro, kiungo wa Manchester United wakati ule, amekwisha, na mtu atajuaje kama mchezaji aliyevuka miaka 30 na kuharibikiwa na msimu anaweza kurudi. Nakiri kwamba nilihukumu kwa pupa. Usiku ule Crystal Palace ilipoichapa Manchester United mabao 4 kwa 0, nilitoka kibanda umiza nikiwa nimekwisha kumzika, nikasahau kuwa kiungo mkabaji huyo alikuwa amepangwa beki wa kati kwa sababu mabeki wenyewe walikuwa majeruhi.

Tangu hapo sianzi na umri. Nauliza kwanza: ni miguu iliyochoka, au ni kazi iliyobadilika? Casemiro hakuwahi kusifika kwa mbio. Real Madrid, alikotwaa Ligi ya Mabingwa mara 5, kwa miaka mingi alicheza na viungo wenzake Kroos na Modrić kando yake, eneo lake la kulinda likiwa dogo. Manchester msimu ule timu ilikatika katikati, akaachwa peke yake kufukuza vijana katika uwanja mtupu. Akili ya kusoma mchezo na uwezo wa kupiga kichwa havikumtoka, ndiyo maana Mei 1, 2025, kule Bilbao, ni yeye aliyefunga bao la kwanza kwa kichwa sisi wa United tulipoishinda Athletic 3 kwa 0 katika nusu fainali ya Ligi ya Europa. (Ya fainali na Tottenham tuyaache.)

Benzema naye, mshambuliaji wa Real Madrid, msimu wa 2017/18, akiwa na miaka 30, alifunga mabao 5 tu katika ligi ya Hispania. Wengi walimkatia tamaa, ilhali kazi yake kubwa ilikuwa kumfungulia Ronaldo njia. Ronaldo alipohamia Juventus, msimu uliofuata Benzema alifunga 21, na mwaka 2022 akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani, akiwa na miaka 34.

Mwili ukigoma ni habari nyingine. Winga Hazard alifika Real Madrid mwaka 2019 akiwa na miaka 28, wala hakuwa mzee, lakini kifundo cha mguu kilimwangusha mara kwa mara hata akastaafu Oktoba 2023. Mtu wa namna hiyo hata umbadilishie kazi vipi, humpati.

Kwa hiyo ukitaka kumpima mkongwe wako, usihangaike na video za mabao. Mtazame katika mechi ya tatu ndani ya siku nane, dakika ya 70, timu yake inapopoteza mpira: je, tayari amesimama mahali mpira unapokwenda, au ndiyo kwanza anageuka kuufukuza?

Wako,
Baba